Watani Walioambiwa Wanyamaze

Nimechoka kuheshimiwa. Najua wapo watakaosoma hivyo na kusonya, maana kuna watu wanaitafuta heshima kwa tochi na hawaipati, lakini nasema kilichonipata. Miaka yote niliyokuwa balozi kwenye nchi ya baridi nilifunguliwa milango, nikavutiwa viti, nikashikiwa mwavuli hata siku za manyunyu ya kudanganyia. Kila niliposema jambo watu walitikisa vichwa kabla sijalimaliza. Hakuna aliyeniambia nimenenepa. Hakuna aliyeniuliza gauni hilo nimeshonewa na fundi au na adui yake. Mtu akiishi hivyo muda mrefu anachoka uchovu ambao hata akilala hautoki.

Sikulelewa hivyo. Nilizaliwa Sindeni, Handeni, kwa Wazigua wanaolima mahindi na kuangalia mawingu, na mama yangu alikuwa mwanamke wa kucheka. Baada ya mavuno alichukua magunia ya mahindi na kunde, akashuka nayo Korogwe, kisha akatafuta gari la kumfikisha Mazinde kwenye kambi za mkonge, auze siku ya mshahara. Huko alilala kwa mwanamke mmoja wa Kinyamwezi ambaye wazazi wake walitoka Tabora kuja kukata mkonge wakati yeye bado anabebwa mgongoni. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo wale wawili hawakuhitaji kujuana kwanza. Siku ya kwanza walipokutana, yule mwanamke alichota mahindi kwenye gunia la mama bila kuuliza bei, akayatia kwenye sufuria yake, akasema huo ni ushuru wa kumvumilia Mzigua. Mama aliyarudisha mahindi kwenye gunia, akaondoka na sufuria. Sufuria hiyo ilikaa kwetu mpaka ikatoboka.

Mama alimwita mtani, na mimi nikamwita mtani, na yeye aliniita hivyohivyo nikiwa hata meno ya mbele sina. Alikuwa mvutaji wa ugoro, mchoyo wa sukari, na hakuwahi kunipa soda hata siku moja. Aliniambia soda inawaharibu Wazigua, wanaanza kujiona watu. Nilimpenda sana, na nilimwogopa kidogo.

Utani wao ulikuwa na kazi yake kubwa, nayo ni msiba. Mume wa mtani alipofariki, mama alinichukua tukaenda Mazinde. Nilikuwa mtoto, nikadhani tunakwenda kulia. Mama hakulia. Alipitiliza ndani moja kwa moja, akatoka amevaa kofia ya marehemu, buti zake za kukatia mkonge na koti lake lenye madoa ya utomvu, akaanza kupita mbele ya waombolezaji kwa mwendo wa marehemu, bega moja chini, akikohoa kikohozi chake na kumgombeza mkewe kwamba uji unanuka moshi. Watu waliokuwa wameinamisha vichwa wakaviinua. Mmoja akaguna, mwingine akacheka, mara uwanja wote ukawa unacheka huku machozi yanatoka. Mjane mwenyewe alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha ndipo akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu mumewe akate roho.

Mama alikataa kuvua buti mpaka apewe jogoo. Tukarudi Sindeni na jogoo wetu kwenye kapu. Njiani nilimuuliza kama hakuona vibaya kumwigiza maiti, na yeye akashangaa swali langu. Alisema mtu asipochezwa na watani wake anaondoka kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. "Siku yangu ikifika," akaniambia, "huyu ndiye atakayenicheza. Nawe uhakikishe hakuna atakayemzuia."

Nikaitikia. Niliitikia haraka, kama watoto wanavyoitikia, kwa sababu sikuona ni nani angetaka kumzuia.

Mali yangu niliipata kwenye ardhi na nyumba. Nilianza kwa kuuza mitumba Korogwe, nikaona kwamba mimi nakula siku ya gulio tu wakati mwenye fremu anakula kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Nikatafuta kiwanja. Palikuwa na kimoja kizuri si mbali na stendi, lakini mwenyewe alikuwa mzee wa Kizigua mkali ambaye alishawatimua madalali wote wa mji. Nilikwenda naye mtani. Kabla sijamaliza shikamoo yangu, mtani alikuwa amekwishakaa kwenye kigoda cha yule mzee, anamuuliza kwa nini analalia kiwanja kile kama kuku aliyelalia jiwe, anatarajia kitatotoa nini. Mzee alimtazama, akamuuliza Mnyamwezi gani huyu asiye na adabu, wakaanza kutupiana maneno, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tunatafuta mashahidi. Hapo ndipo nilipojenga fremu zangu za kwanza.

Kuanzia siku hiyo nilijua ninachokifanya. Nilinunua mapori pembeni ya mji wa Handeni watu wakinicheka, mji ukapanuka ukayafikia. Nikajenga nyumba za wageni, nikajenga hosteli za wanafunzi, nikapata maghorofa Dar es Salaam na baadaye Dodoma. Nimekaa na halmashauri za vijiji kwenye mabenchi yasiyo na mgongo, nimesimama juani na wapima ardhi mpaka mawe ya mpaka yakazikwa. Kila mahali nilitumia njia ileile ya mtani. Niligundua kwamba mtu akishacheka na wewe hana haraka ya kuondoka, na asiye na haraka ya kuondoka mtaelewana bei. Walioandika habari zangu magazetini walisema nina jicho la biashara. Sijui kuhusu jicho. Nilikuwa na mdomo.

Kisha siku moja nikapigiwa simu, mtu akaniambia nimeteuliwa kuwa balozi. Nilidhani ni tapeli, nikamkatia. Akapiga tena, safari hii kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatiwa simu. Nikaapishwa, nikapigwa msasa wa itifaki, nikafundishwa nani anatangulia kupita mlangoni na nani anafuata. Mtani aliposikia alimuuliza mama ni balozi wa nyumba kumi zipi, maana mimi peke yangu nina zaidi ya kumi. Mama alinipigia kunisimulia, akicheka mpaka simu ikawa inakwaruza.

Kazi yenyewe, nikiitazama sasa, zaidi ilikuwa kusimama tu. Unasimama uwanja wa ndege kupokea ujumbe, unasimama kwenye hafla na glasi ya juisi, unasimama foleni kumpa mkono mwenye sikukuu yake ya taifa. Mwanzoni niliimudu, kwa sababu nilidhani ni kama kununua viwanja. Nilimpata hata mtani huko. Alikuwa balozi wa nchi nyingine, mtu mnene mcheshi, na kila tulipokutana nilimtania kuhusu chakula chao kisicho na chumvi, naye akanitania kuhusu koti langu, kwamba nimevaa godoro. Kwa mwaka mzima tulikuwa hivyo. Mimi nikahesabu kwamba hapo pana utani, na kwamba utani ukishakuwepo una wajibu wake.

Basi nchini kwao akafariki mkubwa mmoja mstaafu, na sisi mabalozi tukaenda nyumbani kwa mwenzetu kusaini kitabu cha maombolezo. Alikuwa amesimama mlangoni kwa suti nyeusi, macho mekundu. Nilimhurumia kwa dhati. Na kwa sababu nilimhurumia, nilimfanyia kile ambacho kwetu ungemfanyia mtani wako mwenye msiba: nilimshika mkono nikamwambia afadhali, mlaji mmoja kapungua, labda sasa nyama kwenye hafla zao itatutosha. Kisha nikasubiri anijibu. Nilisubiri huku nimemshika mkono. Yeye akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya kuoshea vyombo.

Nilieleza, nikaomba radhi, nikaandika radhi hiyo, nikaitwa na wakubwa wangu nikaambiwa kwa upole kwamba kuanzia sasa nisome kilichoandikwa. Walikuwa na haki. Yule bwana hakunitania tena, na mimi sikumtania yeyote. Nilisoma kilichoandikwa. Kwa miaka iliyobaki nilikuwa balozi mzuri sana, na kila jioni nilivua viatu nikakaa ukingoni mwa kitanda bila hata nguvu ya kuwasha taa.

Katikati ya hayo nilimjengea mama nyumba. Nisingeweza kuwa na majumba ya kupangisha watu nisiowajua halafu mama yangu akae kwenye nyumba ya udongo. Nikajenga Sindeni nyumba ya vigae, vyumba vya wageni, vyoo vya ndani, na chumba changu mwenyewe dirisha likitazama mahindi. Mama alishukuru sana. Kisha akaifunga, akatia funguo zote kwenye kamba akajifunga kiunoni, na yeye akaendelea kulala kwenye kibanda cha uani karibu na jiko, kwa sababu alisema nyumba kubwa ina mwangwi. Watu walikuja kuiangalia kutoka vijiji vya mbali. Mama aliwatembeza. Alinisimulia kwa simu alivyowavulisha viatu, mwalimu na wanafunzi wake, sheikh, hata mtendaji wa kata, akawafungulia chumba kimoja kimoja akieleza ni cha nani. Cha kwangu, alisema, anafungua mlango tu wachungulie, hamwingizi mtu. Godoro bado lina nailoni yake.

"Utakuja lini uitoe hiyo nailoni?" alikuwa akiniuliza.

Nami nilikuwa nikijibu mwisho wa mwaka. Nilijibu hivyo kila mwaka, na kila nilipojibu nilikuwa na nia ya kuja kweli. Lakini mwisho wa mwaka ulikuwa unakuja na mgeni wa kitaifa, au na mkutano, au na uchovu wangu mwenyewe ambao ulinifanya nilale siku zote za likizo na mapazia yamefungwa. Safari mbili nilizofika nyumbani niliingia asubuhi, nikala, nikaondoka kabla jua halijashuka, kwa sababu kuna watu walikuwa wananisubiri Dodoma.

Mama alifariki asubuhi, akazikwa kesho yake baada ya adhuhuri, kama dini yetu inavyotaka. Mimi nilikuwa bado angani. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekaa na mama miaka yote hiyo na kumpeleka hospitali kwa pikipiki yake, ndiye aliyenipa habari. Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Pole sana, Mheshimiwa." Mtu aliyenifundisha kupanda mti aliniita Mheshimiwa siku mama yetu amekufa.

Nilipofika Sindeni nilikuta maturubai, viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, kipaza sauti na ratiba iliyochapwa. Wanawake walikuwa kwenye mikeka uani, kimya kabisa, wakinipisha nilipopita. Niliwakumbatia mashangazi, nikalia kidogo, kilio cha adabu, kisha nikakaa nikaanza kusikiliza. Kitu kilikuwa kimepungua na sikujua ni nini. Ilinichukua muda kutambua kwamba hakuna aliyekuwa amecheka tangu nifike.

Nikamuuliza kaka watani wako wapi. Aliniambia walikuja. Mtani wa Mazinde alikuja siku ya maziko na wenzake wawili, uzee wote ule, ana mchi begani tayari kwa vituko vyake. Kaka alimwahi barabarani, akamwomba kwa heshima zote akae kimya, maana wakubwa wa wilaya walikuwa njiani, na watu wenye kamera, na dada yake ni balozi. Mtani alikaa mwisho wa mkeka, hakula, akaondoka kabla jeneza halijatoka.

"Nilikuwa nalinda jina lako," kaka akasema.

Nilitaka kumzaba kofi. Kisha nikamtazama vizuri, nikaona amekonda, hajanyoa, viatu vyake vimepasuka kwa kuzunguka kutafuta maturubai hayo, nikaona kwamba hakuwa na ubaya wowote. Alifanya kile ambacho mimi mwenyewe nilifundishwa kukifanya ughaibuni. Nilichobaki nacho ilikuwa siku moja. Kesho yake ndiyo tungeanua matanga, na baada ya matanga kuanuliwa watani hawana kazi tena. Mama angekuwa ameondoka kama mgeni, na sababu ni mimi.

Nikamwambia dereva twende Mazinde.

Ni mwendo, kutoka Sindeni hadi Korogwe, kisha barabara kuu kwenda upande wa Mombo, mkonge umejipanga pande zote mpaka macho yanachoka. Gari nililiacha barabarani asilione, nikaenda kwa miguu kwenye vumbi na viatu vyangu vya mazishi. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, nje ya kambi ya zamani, anachambua kunde. Aliponiona alisimama, akajifuta mikono, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema.

Mwanamke mwenye umri wa mama yangu aliniamkia. Sikuweza kusema marahaba. Nimetukanwa mara nyingi maishani, na wauza viwanja, na wapangaji, hata na kamishna mmoja wa ardhi, na hakuna tusi lililowahi kuniuma kama shikamoo ile. Alinitolea kiti, akakifuta kwa khanga. Kisha, Mungu wangu, akamtuma mjukuu akanunue soda.

Nilimwambia nimekuja kumchukua, kesho tunaanua matanga. Akasema amesikia, watamwombea marehemu wakiwa hukuhuku. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya kaka, akasema hapana kosa, wakubwa lazima wapewe nafasi yao. Nikajaribu kumtania. Nilisema kitu kuhusu ugoro na pua za Wanyamwezi, na maneno yakatoka kwa ile sauti yangu ya kusomea hotuba, yamenyooka, yana nukta mwishoni. Alinisikiliza mpaka mwisho na kunishukuru. Soda ikaja, nikainywa, ilikuwa ya moto.

"Nilikuja kwenu na mdomo wangu," akaniambia baadaye, bila hasira. "Nikaambiwa niuache barabarani. Sasa mdomo huo umezoea kufungwa."

Niliona hakuna zaidi. Nikaaga. Nilipokuwa napita karibu na jiko lake la nje niliona sufuria imefunikwa kwenye mafiga, masizi matupu, na sijui nilifikiria nini. Nadhani sikufikiria. Niliipua, nikamwaga maji yaliyokuwa ndani, nikaikumbatia, nikaondoka nayo. Sikugeuka. Nilikuwa nasubiri kelele nyuma yangu, tusi, jiwe, chochote, lakini sikusikia kitu zaidi ya upepo kwenye mkonge. Nilifika kwenye gari nguo ya mbele yote nyeusi, na dereva akaipokea sufuria kwa mikono miwili kama zawadi ya serikali. Nililia kutoka hapo mpaka Korogwe. Nilijiona mjinga mtu mzima.

Hata hivyo niliagiza mbuzi anunuliwe, afungwe uani.

Kesho yake tulisoma hitima. Baada ya dua mtu wa itifaki akachukua kipaza sauti, na mgeni rasmi akasimama kutoa salamu. Alikuwa mtu mwema, alijiandaa, alisema mama amelea kiongozi. Nilikuwa nimekaa mbele, mikono mapajani, natikisa kichwa kabla hajamaliza sentensi zake. Kisha nikasikia funguo.

Zilitoka upande wa uani, zikija polepole, zikisimama, zikija tena. Kila aliyekuwa pale aliijua sauti ile. Mgeni rasmi alinyamaza kipaza sauti kikiwa mdomoni. Kwenye kona ya nyumba akatokea mama: khanga zake, miwani yake iliyofungwa uzi, mkono mmoja kiunoni, anasimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi na kulaumu goti. Nilisimama nusu. Kisha nikaona ugoro chini ya pua.

Kaka alinyanyuka. Nikamshika mkono nikamwambia akae, na akakaa.

Mtani alikwenda moja kwa moja kwa mgeni rasmi. Kwa sauti ya mama, ile ya juu kidogo, yenye Kizigua ndani yake, alimkaribisha, akamwambia kama amekuja kuona nyumba basi avue viatu, vigae hivi vina mwenyewe. Mgeni rasmi alitazama kushoto na kulia. Shangazi mmoja akaachia kicheko ambacho alikuwa amekizuia tangu maziko. Mgeni rasmi, Mungu ambariki, akainama akavua viatu. Soksi yake ilikuwa na tundu, na mtani hakuliacha lile tundu lipite bure. Baada ya hapo hapakuwa na ratiba tena. Watu waliinuka kwenye viti na mikeka, wakafuata funguo.

Alitutembeza. Hiki chumba cha wageni wa Dar es Salaam, hawajafika, wanaogopa mbu. Hiki choo cha ndani, mimi siingii, nitakwendaje haja chini ya paa moja na sebule. Hapa pa kulia chakula, watu kumi na wawili, mimi hula jikoni na paka. Kila mlango aliufungua kwa ufunguo wake sahihi, baada ya kukosea kwanza, kama mama alivyokuwa akikosea. Watu walikuwa wanalia kwa kicheko. Kaka alikuwa ameegemea ukuta, anajifuta macho kwa ile ratiba.

Tukafika kwenye chumba changu. Aliufungua mlango, akasimama kizingitini, hakumruhusu mtu. Kitanda kilikuwepo, godoro na nailoni yake, dirisha na mahindi yake. Akageuka, akatupa macho kwenye umati, akanitafuta, akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kuniona.

"Na wewe mama, umetoka mbali," akasema. "Naona umechoka. Ingia upumzike humu. Ni chumba cha binti yangu, anakuja mwisho wa mwaka. Ukisikia gari lake, utampisha."

Walioanza kucheka walinyamaza katikati. Mimi niliingia. Nilikaa juu ya nailoni ikalia chini yangu, na nikamjibu, kwa sababu mtani akikusemesha kwa sauti ya maiti lazima ujibu.

"Nitampisha, mama," nikasema.

Ndipo nililia. Sikulia kilio cha adabu. Nililia kwa mdomo wazi, kamasi zinatoka, mbele ya mgeni rasmi na soksi zake, na yule bibi akaja akakaa karibu yangu na khanga za mama, zenye harufu ya mama ya moshi na mafuta ya nazi, akanipigapiga mgongoni mpaka nikamaliza. Nje wanawake walikuwa wanalia pia, na wengine wamerudia kucheka.

Nilipotulia, sauti yake mwenyewe ikarudi, ile ya kukwaruza. Aliniambia amefuata sufuria yake, kwamba Wazigua ni wezi kutoka kizazi hadi kizazi, na kwamba nimenenepa mpaka kitanda kinaniomba radhi. Tena alitaka mbuzi. Bila mbuzi havui nguo hizi, na chumba hiki anakichukua, maana mwenyewe haji.

Mbuzi alikuwa uani tangu asubuhi, tulikuwa tunamsikia tukiwa pale kitandani. Nikamwambia sina mbuzi. Nikamwambia akae asubiri, huenda atapatikana jioni, huenda kesho. Alinitazama juu ya miwani ya mama, akaelewa, akajifunga khanga vizuri, akakaa.